GARI LINAPOGOMA KUWAKA LIKIWA MOTO
Namna ya kutambua kwamba sili za injini ya rota zimechakaa, kabla hazijavunjika na kuiharibu injini nzima

Kutoka mjini Lilongwe hadi makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, katika wilaya ya Dowa nchini Malawi, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 40 kuelekea kaskazini. Kwa gari zima hiyo si safari ya kutisha. Mtu aweza kuondoka baada ya chai ya asubuhi na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Lakini kwa gari ambalo injini yake imechoka, kilomita hizo zatosha kuipasha moto sawasawa, na hapo ndipo siri yake inapofichuka.

Makazi ya Dzaleka yalifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza hapo zamani. Yalikusudiwa watu kama 10,000 hivi, lakini leo wanaishi humo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni lugha inayosikika sokoni, vibandani na kwenye gereji za chini ya miti. Kipo kituo cha afya, lakini mgonjwa aliyezidiwa hupelekwa hospitali ya wilaya ya Dowa, au Hospitali Kuu ya Kamuzu iliyopo Lilongwe. Kwa sababu hiyo, mwenye ndugu Dzaleka na gari Lilongwe hana budi kujua kama gari lake litawaka litakapohitajiwa.

Na utolewe mfano wa kufundishia. Mwalimu mmoja wa Lilongwe amemwoa binti aliyekulia Dzaleka, ambaye wazazi wake walitoka Kivu ya Kusini. Fedha walizokuwa wakiweka kwa ajili ya mabati ya nyumba wamezitumia kununua gari aina ya Mazda RX-8, kwa kuwa lilikuwa zuri la kutazama, lina milango minne, na bei yake ilikuwa chini kuliko ya Toyota ya umri ule ule. Asubuhi gari liliwaka mara moja. Walipofika Dzaleka kumchukua mama mkwe aliyekuwa na homa kali, injini ilizimwa kwa dakika kumi tu. Mama akaketishwa kiti cha nyuma, akafunikwa khanga, ufunguo ukazungushwa. Stata ikazunguka na kuzunguka, injini isiwake. Mgonjwa alipelekwa kwa gari la kukodi. Saa mbili baadaye, gari lilipopoa, liliwaka kama kwamba halikuwa na neno.

Mwenye gari alipofika mjini aliambiwa na fundi wa kwanza kwamba injini imekufa na ifunguliwe siku ile ile. Je, ilikuwa kweli? Hilo ndilo swali la makala haya, maana kulijibu kwa haraka kwaweza kuigharimu nyumba fedha nyingi, na kulijibu kwa kuchelewa kwaweza kuigharimu zaidi.

INJINI ISIYO NA PISTONI

Magari mengi yana injini ya pistoni zinazopanda na kushuka. Injini ya rota haina pistoni wala vali. Ndani yake mna kipande cha chuma chenye pembe tatu, kiitwacho rota, kinachozunguka ndani ya nyumba yenye umbo la yai lililobanwa kidogo kiunoni. Kila upande wa rota hufanya chumba chake. Chumba hicho huvuta hewa na petroli, huigandamiza, huichoma na kuutoa moshi, yote katika mzunguko mmoja. RX-8 ina rota mbili, ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo ina vyumba sita.

Ili vyumba hivyo visivujishiane, kila pembe ya rota imewekwa kipande chembamba cha chuma kinachosukumwa na springi ili kiguse ukuta wakati wote. Hiyo ndiyo sili ya pembeni mwa rota, na katika injini ya rota mbili zimo sita. Zipo pia sili ndogo za ubavuni, sili za kuzuia oili, na sili za mpira zinazozuia maji ya kupozea yasiingie ndani.

Aliyewahi kutumia pampu ya baiskeli ataelewa upesi. Ngozi ya ndani ya pampu ikiwa nzima, hewa husukumwa kwa nguvu. Ngozi ikikauka na kulika, mtu atapampu mpaka jasho limtoke na tairi lisijae, kwa sababu hewa inarudi nyuma. Sili za rota hufanya kazi ya ngozi ile. Zinapolika, ule mgandamizo ambao mafundi huuita kompresheni hupungua, na petroli bila mgandamizo haitoi nguvu.

Tatizo hili ni la tangu kuzaliwa kwa injini yenyewe. Injini ya kwanza ya aina hii, iliyotokana na fikra za Mjerumani Felix Wankel, iliwashwa katika kiwanda cha NSU mwaka 1957. Mwaka 1967 NSU ilitoa gari la Ro 80, likasifiwa sana, lakini sili zake zililika mapema mno hata kiwanda kikawa kinabadilisha injini kwa gharama yake. Mwaka 1969 NSU iliunganishwa na kampuni iliyokuwa chini ya Volkswagen. Huko Japani, wahandisi wa Mazda walioongozwa na Kenichi Yamamoto walikuta kuta za injini zimechanjwa michirizi na sili, wakaibandika jina la makucha ya shetani. Walijaribu malighafi nyingi kabla ya kutoa gari la Cosmo Sport mwaka 1967. Injini hiyo iliendelea kuboreshwa, na mwaka 1991 gari la Mazda lenye rota nne lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, nchini Ufaransa.

Kwa hiyo si haki kusema kwamba injini ya rota ni mbovu. Ni injini inayodai kujuliwa. RX-8 ilitengenezwa kuanzia mwaka 2003 hadi 2012, na hapana hata moja leo ambayo bado ni mpya. Malawi huendesha upande wa kushoto wa barabara kama Japani, na magari mengi yanayoingia nchini humo yametumika kwanza huko. Mnunuzi akiona RX-8 kwa bei ya kushangaza, ajiulize ni nini alichokijua yule aliyeliuza.

DALILI ZA SILI ZILIZOCHOKA

Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Dalili ya kwanza, na iliyo kubwa kuliko zote, ni ile iliyompata mwalimu wa Lilongwe, yaani gari kuwaka vizuri likiwa baridi na kugoma likiwa moto. Injini ikiwa baridi, oili ni nzito na huziba mianya midogo. Injini ikipata moto, oili huwa nyepesi, na kwa kuwa stata huzungusha polepole, hewa hupata nafasi ya kuvuja kabla plagi haijatoa cheche.

Dalili ya pili ni kupungua kwa nguvu, hasa mlimani na gari likiwa limejaa watu. Dalili ya tatu ni injini kutetemeka na kutaka kuzimika inaponguruma gari likiwa limesimama. Dalili ya nne ni petroli kutumika zaidi kuliko ilivyokuwa kwa safari ile ile. Injini ya rota ni mlaji tangu mwanzo, kwa hiyo kinachotazamwa ni ongezeko lake na si wingi wake.

Hapa yafaa kutahadharisha juu ya oili. Katika gari la pistoni, oili inayopungua na moshi wa buluu huwa ni ushahidi dhidi ya ringi. Katika injini ya rota sivyo. Imewekwa pampu ndogo inayoingiza oili kidogo ndani ya vyumba kwa makusudi, ili kulainisha sili, na oili hiyo huungua pamoja na petroli. Oili kupungua kidogo kidogo ni kawaida, na mwenye gari ambaye hapimi oili kila mara ya pili anapojaza petroli ndiye anayeziua sili kwa mkono wake. Moshi mwingi wa buluu baada ya gari kunguruma muda mrefu limesimama ni jambo jingine, nao huashiria sili za kuzuia oili.

Sili za maji nazo zina dalili zake. Maji ya kupozea hupungua bila kuonekana yanakovuja, moshi mweupe hutoka asubuhi na kukawia kuisha, na mapovu hupanda ndani ya chupa ya maji injini inaponguruma. Mwenye kuona hayo asiendelee na safari. Injini ya rota iliyochemka mara moja huweza isirudie uzima wake, kwa sababu sili za mpira hukauka na springi za sili za rota hulegea kwa joto.

MAMBO YANAYOFANANA NA UGONJWA HUO

Siku ile Dzaleka, wakati gari likipoa, fundi mmoja Mkongo mwenye kibanda karibu na soko aliinamia injini, akasikiliza, kisha akamwambia mwenye gari, "Shemeji, usimlipe mtu kufungua injini kabla hujamaliza vitu vidogo."

"Vitu gani, fundi?"

"Betri. Stata. Plagi. Koili. Hivyo vinne vinadanganya watu kila siku."

Maneno hayo ni ya busara. Betri dhaifu au stata iliyochoka huzungusha injini polepole, na injini inayozungushwa polepole haitawaka moto hata kama sili ni nzima. Plagi za rota hupata masizi upesi. RX-8 ina plagi nne, mbili kwa kila rota, na koili zake zinajulikana kwa kuchoka mapema, kiasi cha kuifanya injini itetemeke na kupoteza nguvu. Kichujio kilichomo ndani ya bomba la moshi kikiziba, gari huwa zito kama linavuta tela. Chujio la hewa lililojaa vumbi hufanya vivyo hivyo, na barabara za vumbi za wilayani wakati wa kiangazi hazimhurumii mtu.

Lipo na jambo jingine linalowapata watu wa Lilongwe. Katika miaka ya 2022 na 2024 palikuwa na foleni ndefu kwenye vituo vya petroli nchini Malawi. Mwenye gari huwasha injini, husogea hatua chache, huzima, kisha huwasha tena. Gari la pistoni huvumilia. Injini ya rota ikizimwa ingali baridi, petroli iliyozidi hubaki vyumbani, huiosha oili ya kuta na kulowesha plagi, na mara ya tatu au ya nne haiwaki tena. Mtu akadhani sili zimekufa, kumbe injini imezama petroli tu. Tiba yake ni kukanyaga kanyagio la mafuta mpaka chini na kulishikilia hapo huku stata ikizungushwa kwa sekunde chache. Katika RX-8 kufanya hivyo hukata petroli, na hewa hukausha vyumba. Ikishindikana, plagi hufunguliwa na kukaushwa. Na aliye kwenye foleni ni heri alisukume gari kwa mikono kuliko kuliwasha kwa ajili ya hatua tano.

KUSIKILIZA KWA SIKIO

Vitu vidogo vikishamalizwa na gari bado linagoma likiwa moto, ndipo injini yenyewe inapoulizwa. Jaribio la kwanza halihitaji chombo. Injini ipashwe moto kabisa, kisha izimwe. Petroli na umeme wa plagi vikatwe kwa kuondoa fyuzi zinazohusika, maana cheche na petroli karibu na tundu lililo wazi ni hatari ya moto. Plagi moja ya rota ya mbele ifunguliwe, na mtu mmoja azungushe stata huku mwingine akisikiliza, uso wake ukiwa mbali na tundu.

Rota nzima hutoa pumzi tatu zinazolingana, kama mtu anayepuliza moto wa jiko kwa utaratibu: puu, puu, puu. Sili moja ikiwa imevunjika, mpangilio huharibika. Kwa kuwa kila sili hutenganisha vyumba viwili, kuvunjika kwake huvidhoofisha vyote viwili, na anayesikiliza husikia pumzi moja yenye nguvu ikifuatwa na mbili zilizokauka. Kisha plagi irudishwe, na rota ya nyuma ijaribiwe vivyo hivyo.

Yapasa kukumbuka, hata hivyo, kwamba pumzi zilizolingana hazithibitishi uzima. Wazee watatu waweza kutembea mwendo mmoja, na wote watatu wakawa wamechoka. Sikio hutambua sili iliyovunjika, lakini sili zilizolika kwa usawa hutambuliwa na geji peke yake.

KUPIMA KWA GEJI, NA HILA YA MWINUKO

Geji ya kawaida ya gereji, iliyotengenezwa kwa pistoni, hushika kipimo cha juu tu. Ikitumiwa kwenye rota, itaonyesha chumba kilicho bora kati ya vitatu na kuvificha viwili vilivyo dhaifu. Fundi mwaminifu hutumia chombo cha rota kinachosoma kila chumba peke yake. Asipokuwa nacho, hushikilia wazi kile kivali cha kutolea hewa kwenye geji ili sindano irukeruke, akalinganisha mirukio mitatu.

Kwa RX-8, kipimo cha injini nzuri ni kilo 8.5 kwa kila sentimita ya mraba, stata ikizungusha mara 250 kwa dakika na injini ikiwa moto. Kipimo cha chini kinachoruhusiwa ni kilo 6.9. Vyumba vya rota moja visitofautiane kwa zaidi ya kilo 1.5, na rota mbili zisitofautiane kwa zaidi ya kilo 1.0.

Lakini tarakimu hizo ni za usawa wa bahari. Lilongwe ipo kiasi cha mita 1,050 juu ya bahari, na hewa ya hapo ni nyepesi, yenye kanieneo la kama asilimia 88 ya lile la Dar es Salaam au Mombasa. Hewa inayoingia ikiwa kidogo, na inayogandamizwa huwa kidogo. Kwa hiyo huko Lilongwe injini nzima itasoma kama 7.5 badala ya 8.5, na kile kiwango cha chini hushuka hadi kama 6.1. Anayesoma 6.5 mjini humo na kuihukumu injini kwa kitabu cha usawa wa bahari, ameihukumu kwa makosa. Jambo hilo hilo lawahusu walioko Nairobi, Arusha, Mbeya, Kigali na Bukavu, miji ambayo yote ipo juu kuliko Lilongwe au karibu sawa nayo.

Kasi ya stata pia ihesabiwe. Betri ikiwa chini na injini ikazungushwa mara 200 badala ya 250, kipimo kitashuka bila kosa la sili. Ndiyo maana betri hutengenezwa kwanza na geji hufuata.

Tukirudi kwenye mfano wetu, betri ilibadilishwa, plagi na koili zikawekwa mpya, na gari likapata nguvu kidogo. Hata hivyo bado liligoma likiwa moto. Lilipopimwa mjini, rota ya mbele ilisoma 6.4, 6.3 na 6.2. Rota ya nyuma ilisoma 5.7, 5.6 na 5.2. Rota ya mbele ilikuwa imechoka lakini ingali ndani ya mpaka wa Lilongwe. Ya nyuma ilikuwa chini ya mpaka katika vyumba vyote vitatu, na kwa kuwa tofauti zake zilikuwa ndogo, sili zake zilikuwa zimelika pasipo kuvunjika. Fundi wa kwanza, basi, alikosea aliposema injini imekufa, lakini asingekosea kama angesema inakufa.

KUNGOJA AU KUTENGENEZA?

Hapa ndipo penye uamuzi mgumu wa nyumba, kwa sababu gari la namna hiyo bado linatembea. Mwenye nalo hujiambia kwamba atalitumia miezi michache zaidi huku akikusanya fedha, aliegeshe mahali penye mteremko, na asilizime njiani. Wengi hufanya hivyo, na wengi hujuta.

Sababu ni hii. Sili iliyolika huwa nyembamba na hulegea katika mfereji wake. Siku moja, kwa kishindo cha mwako usio wa wakati wake au kwa joto, hukatika. Kipande kilichokatika ni chuma kigumu kilichofungiwa ndani ya nyumba ya rota inayozunguka maelfu ya mara. Hukwangua ukuta uliopakwa kromu, huchimba uso wa rota, na hutoka kwa njia ya moshi kikiharibu kila kinachokutana nacho. Injini iliyofunguliwa kabla ya siku hiyo huweza kuhitaji sili, springi na gasketi tu, ikiwa kuta zake zitapimwa na kukutwa nzuri. Injini iliyofunguliwa baada ya siku hiyo huhitaji na nyumba mpya ya rota, pengine na rota yenyewe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Na ukuta wenyewe hununuliwa kwa fedha za kigeni. Mwezi Novemba 2023, benki kuu ya Malawi ilishusha thamani ya Kwacha kutoka kama 1,180 hadi 1,700 kwa dola moja, na vipuri vya kutoka ng'ambo vikawa mbali zaidi na mfuko wa mfanyakazi. Mwenye kuahirisha matengenezo yafaa ahesabu na hilo.

KWA ANAYETAKA KUNUNUA

Mnunuzi wa gari la pistoni hutaka kuliona likiwashwa alfajiri lingali baridi. Mnunuzi wa gari la rota afanye kinyume. Aliendeshe nusu saa, alizime, angoje dakika kumi, kisha aliwashe. Likichelewa, asikubali maelezo ya mdomo; adai lipimwe. Vilevile afahamu kwamba oili kidogo ikimwagwa ndani ya matundu ya plagi huziba mianya kwa muda na kuipa injini iliyochoka ujana wa saa moja. Moshi mzito wa buluu usioelezeka siku ya kuuza gari ni jambo la kutilia shaka.

Mwenye gari la kawaida naye aweza kuitumia hila hiyo kwa njia njema. Kipimo cha silinda kikiwa chini, kijiko kimoja cha oili kimiminwe kwenye tundu la plagi, na kipimo kirudiwe. Sindano ikipanda, ringi za pistoni zimelika. Isipopanda, kosa lipo kwenye vali au gasketi ya kichwa cha injini. Jaribio hilo la kijiko laweza kuokoa fedha nyingi.

DAFTARI LA GARI

Kila nyumba yenye gari, liwe la rota au la pistoni, iwe na daftari la senti chache. Ndani yake ziandikwe tarehe, kilomita, petroli iliyotiwa, oili iliyoongezwa, maji yaliyoongezwa, na kama gari liliwaka mara moja au la. Kazi hiyo haihitaji ufundi. Mama wa nyumba au mtoto wa darasa la sita aweza kuifanya. Baada ya miezi mitatu daftari litasema lile ambalo dereva, kwa kulizoea gari, hawezi tena kulisikia.

Katika mfano wetu, mke wa mwalimu ndiye aliyelishika daftari. Matokeo ya geji yalipoletwa nyumbani, mumewe alitaka gari liendelee mpaka Krismasi. Mkewe alifungua ukurasa na kumwonyesha kwamba katika wiki sita gari liligoma likiwa moto mara mbili, kisha mara tano, kisha mara tisa.

"Baba Neema," alisema, "mama yangu atazidiwa tena siku moja. Siku hiyo nataka gari liwe zima, au lisiwepo nyumbani tukajua kwamba halipo. Hili la kuwepo na kutokuwepo ndilo litakalomuua."

Gari likafungwa. Mabati yakangoja mwaka mwingine. Injini ilipofunguliwa, sili zilikuwa zimelika karibu na mwisho wake, lakini hapana hata moja iliyokuwa imekatika, na kuta za nyumba za rota zilikuwa zingali laini kwa kidole.